Kutuliza kwa Kiingereza: soothe, reassure, placate, appease au pacify?

Chukua sentensi hii: "Mwenyekiti aliwatuliza wakulima." Mtu yeyote wa Tandahimba au Newala anaielewa bila kuuliza swali. Mnada umefanyika, bei ya korosho imeshuka kuliko ya wiki iliyopita, wakulima wamechachamaa ghalani, mwenyekiti wa chama cha msingi akasimama akaongea nao, mambo yakapoa. Kiswahili hakidai zaidi ya hapo. Sasa habari hiyohiyo inatakiwa iandikwe kwa Kiingereza, iende kwa mnunuzi aliyeko India au Vietnam, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Ukiandika "The chairman calmed the farmers", umesema tu kwamba walikuwa na jazba na sasa hawana. Ukiandika "reassured the farmers", umesema walikuwa na hofu, naye akawapa maneno ya kuiondoa. Pengine aliwahakikishia kuwa fedha zao zitaingia benki. "Placated the farmers" ni kwamba walikasirika, akawapa kitu kidogo au maneno laini ili hasira ishuke, na huenda tatizo lenyewe bado lipo palepale. "Appeased" ni kwamba walikuwa na madai, naye akayakubali yote au sehemu yake ili kuepusha shari. "Pacified" ni kwamba kulikuwa na fujo, na aliyeituliza alikuwa na nguvu juu yao. Na "soothed" hapo haikai kabisa, maana msomaji ataona wakulima wazima wakibembelezwa kama watoto wachanga.

Vitenzi sita, na kila kimoja kinatoa hukumu yake juu ya wakulima na juu ya mwenyekiti. Ninatafsiri na kuhariri barua na ripoti hapa Mtwara mjini, na katika maneno yote ya Kiingereza yanayopita mezani kwangu, haya ya kutuliza ndiyo yanayoniuma zaidi yakitumika vibaya. Kosa lake si la sarufi. Sentensi inakuwa safi, mwalimu hana pa kuweka alama nyekundu, lakini mtu aliyetajwa ndani yake amedhalilishwa, au amepewa mabavu ambayo hakuwa nayo.

Kabla ya kuchagua najiuliza mambo matatu. Kilichochafuka ni nini: maumivu, hofu au hasira? Kilichotolewa ili kitulie ni nini: mkono, neno au kitu? Na kati ya anayetuliza na anayetulizwa, nani anamwogopa nani? Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloamua mengi.

Calm, pa kuanzia

Calm ndicho kitenzi kisicho na lawama. Hutamkwa "kaam", herufi l haisikiki. Unaweza kukitumia kwa mtu, mnyama, hofu, soko la fedha, hata bahari, na kinakubali kusimama bila yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendewa: "The sea calmed after midnight" ni Kiingereza kizuri ambacho mvuvi wa Msimbati angekitumia kuanza hadithi yake. Ukiwa na shaka kati ya vitenzi hivi, andika calm na hutamkosea mtu.

Tahadhari yake ni moja. "Calm down!" ukimwambia mtu usoni ni amri, na kwa Mwingereza au Mmarekani inasikika kama unamwambia ameshindwa kujitawala. Sisi tunasema "tulia kaka" au "punguza jazba mama yangu", na lile neno la undugu linabeba heshima yote. Kiingereza cha kazini hakina neno hilo la kulainisha, kwa hiyo amri inabaki tupu na mtu anazidi kuwaka. Mhudumu wa hoteli ambaye mgeni wake amepotelewa na mzigo uwanja wa ndege afadhali aseme "I understand, let me see what I can do." Baadaye kwenye ripoti yake kwa meneja anaweza kuandika "I calmed the guest down", na hapo hakuna ubaya wowote, kwa kuwa anasimulia tu kilichotokea.

Soothe au reassure

Hivi viwili huchanganywa sana hospitalini, na hospitalini ndiko tofauti yake ina uzito mkubwa. Faili za wagonjwa wetu huandikwa Kiingereza, na hospitali kama ya Ndanda, iliyoanzishwa na wamisionari wa Wabenediktini, kwa miaka mingi imepokea madaktari na wanafunzi wa udaktari kutoka nje ambao watasoma kilichoandikwa humo na kuamua la kufanya.

Soothe hushughulika na mwili na hisia. Hakihitaji habari yoyote mpya. Mama akimweka mtoto kifuani na kumpigapiga mgongoni, "she soothed the baby." Yambwa zake za kawaida ni mtoto, ngozi, koo, maumivu na akili iliyochoka. Wakati wa kupuliza sulfa kwenye mikorosho, vumbi lile huingia machoni na ngozi huwasha, na maelekezo mazuri ya Kiingereza yangesema: "Wash the skin with plenty of water, then apply a soothing cream." Soothing iko mahali pake hapo, kwa sababu inasema mafuta hayo yatapunguza kuwasha, basi. Haina ahadi ya kuponya. Ukiwa dukani na kopo la dawa ya ngozi mkononi, soma lebo kwa jicho hilo: mtengenezaji aliyeandika soothing hajasema kwamba dawa yake inatibu ugonjwa, na hata mwanasheria hawezi kumdai hilo.

Reassure hushughulika na habari. Lazima pawepo hofu ya jambo lisilojulikana, na lazima pawepo maneno. "The midwife reassured the mother that the baby's heartbeat was strong." Unaona lile "that": baada ya reassure na jina la mtu, linafuata jambo lenyewe aliloambiwa. Soothe hakiwezi kujenga sentensi hiyo. Hakuna "soothed her that". Na reassure nacho hakiwezi kuchukua maumivu kuwa yambwa; "reassured the pain" haipo katika Kiingereza cha mtu yeyote.

Mfikirie mama wa mimba ya kwanza kutoka Nanyamba, uchungu umemshika usiku. Mkunga anamsugua kiuno na kumfundisha kupumua: hapo anasoothe. Kisha anamweleza njia imefunguka kiasi gani, na kwamba mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri: hapo anareassure. Hizi ni huduma mbili tofauti, na mkunga mzuri hutoa zote. Akiandika moja tu kwenye faili, nusu ya kazi yake imepotea, na daktari wa zamu ya asubuhi hajui mama huyo ameambiwa nini na nini bado.

Ndiyo maana nina neno juu ya ile sentensi fupi inayojaa kwenye mafaili, "Patient reassured." Ina maana tu kama mgonjwa alielezwa jambo. Kama aliambiwa "usijali mama, yatakwisha" halafu muuguzi akaenda zake, huko siko kureassure. Wenye taaluma ya afya wana jina la kumtoa mtu hofu pasipo sababu ya kweli, false reassurance, na wanalihesabu kuwa hatari, maana mgonjwa anaacha kurudi hospitali wakati alipaswa kurudi. Andika ulichomwambia: "Reassured that the swelling is normal, told to return if she develops headache or blurred vision." Maneno machache zaidi, na anayesoma anajua pa kuanzia.

Ndugu wa reassure ni assure, na hapa kuna kosa la wengi wetu. Kiswahili kinaruhusu "tunahakikisha kwamba mzigo utafika" bila kutaja nani anahakikishiwa, kwa hiyo tunaandika "We assure that the cargo will arrive." Kiingereza kinakataa. Assure lazima kipate mtu: "We assure you that the cargo will arrive." Ikiwa hakuna mtu, na unachotaka kusema ni kwamba utafanya kila linalowezekana jambo liwe, kitenzi ni ensure: "We will ensure that the cargo arrives." Reassure nacho hudai mtu, ila huongeza kwamba mtu huyo alikuwa ameshaingiwa na wasiwasi. Usimreassure mnunuzi ambaye hakuwa na wasiwasi wowote; utamfanya aanze kuwa nao.

Soothe ina historia inayofaa kujulikana. Katika Kiingereza cha kale, sooth ilikuwa kweli, na mabaki yake yapo katika soothsayer, mtabiri. Kitenzi chake kilianza kwa maana ya kuthibitisha kuwa jambo ni kweli, kikaja kuwa kuunga mkono maneno ya mtu, kisha kumkubalia ili kumfurahisha, na mwishowe kumtuliza. Katika kutamka, mwisho wake ni dh ile ya dhahabu, "suudh", si th ya thamani, na katika kuandika usisahau e ya mwisho. Smooth ina sauti hiyohiyo mwishoni lakini haina e. Wanafunzi huchanganya hilo kila mwaka.

Placate au appease

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Vyote viwili vina hasira ndani yake, na vyote viwili vina kutoa. Kamusi nyingi hufafanua kimoja kwa kingine, na mtu akiishia hapo atadhani ni pacha. Si pacha. Vinatofautiana kwa ukubwa wa kinachotolewa, na kwa nani anamwogopa nani.

Placate kimetoka katika Kilatini, ukoo mmoja na neno lililozaa please. Hasira imeshakuja, na unatoa kitu ili ishuke: samahani, punguzo la bei, chai, ahadi. Aliyekasirika kwa kawaida hana uwezo wa kukuangamiza, ila anaweza kukusumbua. Ni mteja, mpangaji, jirani, mjumbe wa kamati. Mei 2024 mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na mabasi yakakwama pande zote. Tuseme kampuni moja ya mabasi iligawa maji na biskuti kwa abiria wake waliokuwa wakipiga kelele. "The company handed out water and biscuits to placate the passengers." Placate kinafaa kabisa hapo, na sababu yake ndiyo uzito wa neno: hasira imepungua, barabara bado imekatika.

Kwa hiyo mwandishi wa habari anapoandika kwamba kiongozi fulani "tried to placate the farmers", amekuambia kwa siri kwamba wakulima bado wana hoja. Ndiyo maana nasisitiza usikitumie kitenzi hiki kueleza kazi yako mwenyewe uliyoifanya kwa moyo. Shirika likiandika kwenye ripoti yake "We placated the villagers", mfadhili anasoma: tumewaziba midomo kwa muda. Kama mlikaa chini ya mwembe na wanakijiji hadi jioni mkakubaliana fidia na tarehe ya kuilipa, andikeni hivyo: "We heard the villagers' complaints and agreed on compensation with them." Ni ndefu zaidi, na ni kweli. Kutoka hapohapo kuna kivumishi implacable, mtu asiyetulizika kwa lolote, na hicho ni kizuri kwa insha: an implacable enemy.

Appease ni kizito zaidi. Kimepitia Kifaransa cha zamani, na ndani yake mna neno la Kifaransa la amani. Kwa karne nyingi kilikuwa kitenzi cha heshima tu: mtu aliweza kuappease njaa yake, au hasira ya mungu wake. Katika miaka ya 1930 serikali ya Uingereza yenyewe iliita siasa yake kwa Ujerumani appeasement bila aibu. Septemba 30, 1938, mjini Munich, waziri mkuu Neville Chamberlain pamoja na viongozi wa Ufaransa na Italia walimkubalia Hitler aichukue Sudetenland, sehemu ya Czechoslovakia, na wenye nchi hawakuwa na kiti mezani. Chamberlain alirudi London akitangaza amani ya zama zake. Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague, Septemba 1 yakaivamia Poland, na siku mbili baadaye Uingereza ilikuwa vitani. Tangu hapo, neno hili katika siasa limekuwa shutuma: kumpa mbabe kitu kwa matumaini kwamba atashiba.

Vita hiyo ilifika mpaka huku. Vijana wa Tanganyika walipelekwa kupigana Burma, na baada ya vita Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikaanzisha mwaka 1947 mradi wa karanga uliofyeka mapori ya Nachingwea na kutujengea bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Mradi ulikufa baada ya miaka michache, bandari ikabaki, na leo korosho zetu hupakiwa hapo. Nalitaja hili kwa kuwa mtu wa kusini anaweza kudhani mambo ya Munich hayamhusu.

Matumizi ya leo basi ni haya. Katika habari za siasa, "The government appeased the protesters" ni lawama kwa serikali kwamba iliogopa, na ni lawama kwa waandamanaji kwamba walikuwa wanatisha. Ikiwa unachotaka kusema ni kwamba serikali ilisikia na kutenda, andika "responded to their demands" au "met their demands". Placate hakina kivuli hicho cha 1938. Kinadokeza juujuu, hakidokezi woga. Kisarufi vyote vinakubali with na by: appease someone with gifts, placate someone by apologising. Na kwa dhamiri inayosumbua, appease kinafaa bila lawama ya kisiasa: he gave money to appease his conscience.

Kuna eneo moja ambalo appease hutumika kwetu mno, na linaniuma. Kila anayeandika kwa Kiingereza juu ya matambiko ya Afrika huandika "to appease the spirits" au "to appease the ancestors", awe mgeni au msomi wa hapahapa. Mzee wa Kiyao au wa Kimakua akiweka unga chini ya mti na kuwataja waliotangulia kwa majina, mara nyingi hakuna aliyekasirika. Anawapa habari ya safari, ya mtoto aliyezaliwa, ya vijana wanaokwenda jandoni, na anaomba heri. Ukiandika appease umeweka hasira pasipo na hasira, na umemgeuza babu yake kuwa mbabe anayelipwa ili asiwadhuru wajukuu. Andika "to remember the ancestors", "to honour them", "to ask for their blessing". Appease kitumike tu pale wenye tambiko wenyewe wanaposema kuwa mizimu imechukizwa, kwa mfano baada ya mwiko kuvunjwa au kaburi kusahauliwa, na dalili zake zimeonekana. Hapo ni neno sahihi, na hakuna lingine linaloweza kuchukua nafasi yake.

Pacify, na kwa nini Lindi inalijua

Pacify kwa Kilatini ni kufanya amani. Magellan aliita bahari kubwa Pacífico mwaka 1520 kwa sababu aliikuta imetulia, na Wamarekani huita pacifier ile chuchu ya plastiki anayonyonya mtoto ili asilie. Mtu akisoma hayo mawili atadhani neno hili ni la upole. Kwa mtoto, kweli ni la upole: "He pacified the crying child with a banana." Lakini kikipata kundi la watu, mji au nchi kuwa yambwa, kinabeba bunduki.

Mwaka 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na Wajerumani, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo. Vita vilienea Liwale, Masasi, Songea na kwingineko hadi 1907. Wajerumani waliona kwamba risasi pekee hazitoshi, wakachoma mashamba na maghala, wakachukua chakula, na njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000, na wapo wanahistoria wanaofika laki 3. Katika lugha ya kikoloni, kazi ya aina hiyo iliitwa pacification. Miaka ya 1960 Wamarekani walilitumia neno hilohilo Vietnam kwa mpango wao wa kuviweka vijiji chini ya serikali.

Kwa hiyo ninapokutana na mstari katika ripoti ya mradi, hapahapa kusini, unaosema "a team was sent to pacify the community", na mwandishi alikusudia tu kwamba maofisa watatu walikwenda na daftari kusikiliza malalamiko ya njia ya maji, naukata bila kusita. Hakuna kijiji cha mkoa wa Lindi kinachostahili kuandikwa hivyo kwa sababu ya bomba la maji. Kilichofanyika kinaitwa "to hear their concerns", au kama kulikuwa na hofu, "to reassure the community".

Tazama pia jinsi kitenzi kinavyoweza kubadilisha habari moja. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, na jeshi lilipelekwa. Mwandishi anayeandika "to pacify Mtwara" anawaona wakazi kama waasi. Anayeandika "to reassure Mtwara" anawaona kama watu wenye hofu ambao hawakupata maelezo. Anayeandika "to placate Mtwara" anaona ahadi zilizotolewa kwa haraka. Anayeandika "to appease Mtwara" anaona serikali iliyolegea. Matukio ni yaleyale, tarehe ni zilezile. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma habari za miaka ile azisome akiwa na penseli, apige mstari chini ya kitenzi tu, atajua mwandishi alisimama upande gani kabla ya kufika aya ya pili.

Ukitaka neno la kuzima fujo bila kuwahukumu watu sana, lipo "restore calm": "Elders helped to restore calm." Hilo linawafaa wazee, viongozi wa dini na wenyeviti wa mitaa, na halimdhalilishi mtu. Quell ni kuzima ghasia kwa nguvu, na yambwa yake ni ghasia au hofu, si mtu. Defuse hutumika kwa hali yenyewe, defuse the tension. Asili yake ni kutegua bomu, hivyo andika defuse, yenye de na f moja, usiandike diffuse, ambayo ni kutawanya.

Mollify si kigumu: ni kulainisha hasira ya mtu, karibu sawa na placate, bila ile harufu ya hila. Kimetoka neno la Kilatini la laini, hilohilo lililowapa jina moluska, jamii ya pweza na kome. Kwa barua za kawaida unaweza kuishi bila hicho. Assuage ni cha maandishi zaidi kuliko mazungumzo, na hupendelea huzuni, hatia na njaa: to assuage her guilt.

Kuna mahali ambapo hakuna hata kimoja kati ya vitenzi sita tulivyoanza navyo kinachofaa, nako ni msibani. Watu huandika "We went to calm the family", na Kiingereza kinaielewa kana kwamba familia ilikuwa inafanya vurugu. Huzuni si fujo. Kitenzi ni console au comfort: "We went to console the family." Comfort kina mkono na ukaribu zaidi, console kina maneno zaidi. Na kama barua ya rambirambi inakwenda ofisini kwa mtu aliyefiwa, usitafute kitenzi cha kutuliza hata kidogo. Andika "Please accept our condolences on the death of your mother", weka majina ya wote mliochanga, na uitume siku hiyohiyo.